Bomu Dogo na Makapi ya Mbaazi

Mume wangu alikuja likizo kutoka jeshini wakati tunapura mbaazi, na kabla hajamaliza chai nilijua ana jambo. Muda wake wa utumishi ulikuwa unaisha. Mimi nilitaka avue yale magwanda akae hapa Kalamba, alee mtoto ambaye hata hamjui. Yeye alitaka kuendelea. Lakini hakuniambia hivyo. Alituletea somo la mabomu.

Kambini, afisa mmoja mzungu alikuwa amewafundisha kwamba mabomu ya atomu sasa yako ya namna mbili. Baba mkwe, aliyekuwa amesikia tu habari ya Japani, alitaka aelezwe. Wakakaa kando ya uwanja wa kupuria, mimi na mama mkwe tukiendelea na kazi. Nilisikia yote. Kuna bomu la mkakati, linalopelekwa mbali kabisa kupiga miji, viwanda na bandari, mpaka nchi ya adui ikose nguvu ya kupigana. Na kuna bomu la uwanja wa vita, linalopigwa karibu, hata kwa mzinga, juu ya askari na vifaru walio mbele yako. Kwa hiyo wenye kuogopa ni watu wa miji mikubwa huko ng'ambo, akasema mume wangu. Askari atakutana na lile dogo tu, na pengine litakuwa la upande wake mwenyewe.

"Dogo kama nini?" nikamwuliza.

Akakuna shingo. Akasema lile la Japani, kwa hesabu za siku hizi, linaweza kuwekwa na madogo.

Mimi nimesoma sekondari. Picha za ule mji wa Japani uliopigwa niliziona gazetini nikiwa shule. Nikamwambia basi tofauti si ukubwa, tofauti ni nani yuko chini yake. La mkakati linamwangukia mama aliye jikoni mwake. La uwanjani linakuangukia wewe.

"Mama mtoto, sisi tunakuwa nyuma," akasema, kwa ile sauti ya kumwelewesha mtu mjinga. Akanionyesha kwa kidole. Adui ni lile rundo la mbaazi nilipokuwa nimesimama. Sisi ni pale kwenye kigoda cha baba.

Kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Hamtazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa mwingine. Na mwanamke akipepeta anaangalia kwanza upepo unaelekea wapi, asije akawamwagia watu makapi. Mambo hayo yote nilifundishwa, na nilikuwa nayashika. Siku hiyo nilijaza ungo, nikauinua juu ya lile rundo, nikaumimina polepole kama mtu anayefanya kazi yake. Mbaazi zilianguka miguuni pangu. Makapi na vumbi vilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda.

Mama mkwe aliniuliza kama nina wazimu. Mume wangu alisimama. Mzee hakusimama. Alijitoa makapi kwenye ndevu, moja moja, na hakusema neno kwangu, maana haruhusiwi. Alimwambia mwanawe:

"Hilo dogo lenu limenifika."

Kisha akamwuliza kama ameshatia sahihi ya kuendelea na jeshi.

"Nilitia kabla ya likizo," akajibu mume wangu.

Yaani bomu hili na bomu lile, mizinga na bandari, yote yalikuwa ya kututuliza kwa jambo ambalo tayari limekwisha. Angesema siku ya kwanza ningekasirika mara moja tu, nikamaliza. Sasa naandika haya, na bado nimekasirika. Mama mkwe, ambaye hakuwa amefuata habari za mabomu hata kidogo, hili la sahihi alilielewa vizuri kuliko sisi sote. Aliingia ndani akafunga mlango.

Tulikuwa watu wa kanisa, lakini kosa la mkwe halisamehewi kwa sala peke yake. Mzee alisema mbuzi wa kuondoa kosa atoke, na atoke kwa mume wangu, si kwangu. Mume wangu akamtafuta soko la Mukuyuni, akamleta kwa kamba, akamfunga nyuma ya nyumba bila kuniangalia. Kesho yake alikwenda Kibwezi kupanda gari la moshi, arudi kambini.

Mbuzi alichinjwa mume wangu akiwa njiani. Nililetewa fungu langu, nikalila lote.