Santuri ya Kihispania ya Shangazi Nasra

Harufu ya halua ya moto yenye zafarani bado hunikasirisha. Wenzangu wakiisikia humeza mate. Mimi humkumbuka bibi yangu mzaa baba, na nnakwambieni kweli, sikumpenda. Alikuwa na ulimi mkali, na nyumba yetu ya Matrah, jirani na Maskati, tuliyohamia kutoka Unguja, aliitawala yeye. Baba yangu, mtu mzima na ndevu zake, akinywea mbele yake kama mtoto wa chuoni.

Bibi ndiye aliyemkataa mwalimu Saidi, aliyekuwa Mombasa akimsubiri shangazi yangu Nasra. Eti si kufu yetu, ukoo wake haujulikani. Kwa Nasra ikabaki santuri moja tu aliyopewa na Saidi, wimbo wa Kihispania wa mapenzi yaliyokatazwa. Saidi alishamfasiria kila neno; sisi wengine hatukujua hata moja. Akiipiga mchana, kwa sauti ya chini kabisa, maana Maskati ya siku zile kupiga muziki ni kujitafutia balaa.

Basi wakaja wanawake wa upande wa mume aliyechaguliwa na Bibi, wamejaa dhahabu na dharau. Halua ikaliwa. Mama yake bwana harusi akasema amesikia sisi watu wa Zanzibar tuna mambo ya kizungu, na Bibi akaona hapo ndipo pa kujishaua.

"Nasra, hebu watilie ile santuri yako. Taratibu, wasisikie nje."

Mwanamke wa kwenye santuri akaimba kwa kilio. Yule mama akauliza kwa Kiarabu, anasema nini huyu?

Nasra akamjibu kwa Kiarabu hicho hicho, macho yake kwa Bibi. "Anasema: Mama, waambie warudi kwao. Moyo wangu nimeshampa mtu, na mkiniozesha kwa nguvu mtanitoa humu maiti."

Wageni wakavaa mabuibui yao, kahawa wakaiacha vikombeni. Bibi akaipiga santuri kwenye kizingiti mpaka ikawa vipande, akisema wimbo wa kikafiri umemharibia mwanawe. Hakusema na Nasra tena mpaka anakufa, na ni Nasra huyo huyo aliyemlisha na kumwosha. Saidi alichoka kusubiri, akaoa. Nasra hakuolewa na mtu.

Nilikuwa mdogo, na katika hili moja nilikubaliana na Bibi: wimbo ndio uliomponza shangazi yangu.

Binti yangu kasoma Kihispania. Mwaka jana nilimwimbia kile nilichokumbuka, akautafuta wimbo, akaupata, akanifasiria. Mwanamke analia, anamwomba mpenzi wake msamaha, kisha anamtii baba yake na kuolewa na mwengine. Basi. Hakuna wageni wa kurudishwa kwao, hakuna maiti. Na Nasra alijua vizuri wimbo unakwisha vipi. Maneno yale aliyatoa kifuani mwake mwenyewe, mbele ya mama yake, na sisi sote tukadhani anafasiri.