Nyonga ya Fundi Milimita

Mtaa mzima ulimwita Milimita, maana kigae kikipinda kiasi cha unywele tu, aliking'oa akaanza upya. Miaka ishirini na mbili alichuchumaa kwenye mabafu ya watu, akiwa mkali kama pilipili. Ole wako ukanyage sakafu mbichi! "Gundi haijashika, utaniharibia kazi!" Mama mkwe wake aliwahi kuzuiwa kuoga siku mbili nzima, na fundi wetu akajiona shujaa.

Basi nyonga ikagoma. Kuchuchumaa kilio, kuinuka kilio. Daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka, akamtoboa vitundu viwili, akapitisha kamera, akashona ukingo laini wa kikombe cha nyonga uliokuwa umechanika. Kisha akachukua damu ya Milimita mwenyewe, akaizungusha kwenye mashine, akachuja chembe zinazosaidia kidonda kupona, akazidunga pale pale alipopashona.

"Huenda ikasaidia, siahidi," alimwambia. "Ila wiki sita usiukanyagie mguu huo, wala usichuchumae. Pakichanika tena, kazi ya vigae uisahau."

Katika maneno yote hayo, bwana mkubwa alisikia "damu yako" tu. Jamani, majivuno! Kila aliyekuja kumjulia hali alipewa somo.

"Wiki sita ni za watu wa kawaida. Mimi nimedungwa damu ya fundi!"

"Daktari kasema sita, baba watoto," mkewe akamkumbusha.

"Daktari ameshawahi kubandika kigae?"

Hoja nzito hiyo, nani angeibisha.

Wiki ya tatu, mkewe alipotoka kwenda sokoni, Milimita aliona kigae kimepinda bafuni kwake. Magongo akayaegemeza ukutani, akashika mwiko, akachuchumaa. Kitu kikalia ndani ya nyonga. Mkewe alirudi akamkuta chini, jasho linamtiririka, mwiko bado mkononi.

Daktari aliitazama picha mpya, akashusha pumzi.

"Nyuzi zimeachia."

"Zimeachiaje? Si mlinitia damu yangu mwenyewe?"

Mkewe ndiye aliyejibu, taratibu kabisa. "Gundi ilikuwa haijashika, baba watoto."

Milimita akainamisha uso. Alikuwa anaogopa, na safari hii hakuficha. "Daktari, si unang'oa tu, unaanza upya?"

"Nitashona tena, utembee," daktari akasema. "Kuchuchumaa, hapana. Hiki si kigae, fundi."