Msomaji wa Mama Kinyumenyume

Kazini walimwita Mama Kinyumenyume, na usidhani ni kwa ubaya. Vitabu vyake ndivyo vilivyomponza. Kitabu cha Kijapani, kile chenye mistari inayoshuka kutoka juu kwenda chini, hufunguliwa upande ambao sisi tunauita mwisho, na katika maktaba nzima ya chuo kikuu yeye peke yake ndiye aliyejua mwanzo uko wapi. Akipita ukumbini wanamtania, "Mama Kinyumenyume, leo umeamka jioni?" Naye hakosi jibu: "Nimeamka, nimewakuta nyie bado mnakoroma!" Wanacheka, anapita, basi. Maongezi ya siku yameisha.

Chumba chake kilikuwa cha nyuma, dirisha likitazamana na ukuta. Humo alikuwa akichukua kitabu kimoja kimoja na kukiingiza kwenye katalogi: jina, mwandishi, mwaka, kinahusu nini, mara moja kwa maandishi ya wenyewe, mara ya pili kwa herufi zetu hizi ili hata asiyejua aweze kukitafuta. Utasema kazi rahisi. Wee! Jina la mtu wa kule huandikwa namna moja, likasomwa namna tatu, na mwenyewe ndiye ajuaye. Kuna asubuhi nzima ilimwishia akimsaka marehemu mmoja aliyeandika kuhusu ufugaji wa nyuki, ili ajue tu kwao walikuwa wakimwita nani. Alipolipata jina alipiga meza kofi, akasema kwa Kijapani, "Haya, nimekukamata!" Ukuta ukamtazama.

Hapo ndipo penye kidonda. Lugha ile aliifuata kwao wenyewe, msichana wa ufadhili wa masomo, akakaa huko akaiva mpaka ndoto akawa anaziota kwa Kijapani. Aliporudi, chuo kilikuwa na darasa na mwalimu. Mwalimu akastaafu, darasa likafungwa, vikabaki vitabu na yeye. Tangu hapo alikuwa anaongea na sufuria. Mdogo wake, aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili, hakumung'unya maneno: "Dada, lugha gani hiyo ya kuongea peke yako? Bora ungejifunza kushona, sisi tungevaa." Wanacheka wote wawili, na simu ikikatika nyumba inanyamaza hadi anasikia friji ikinguruma.

Sasa sikiliza kosa lake, maana lilikuwa kosa la mtu anayeipenda kazi. Vitabu vile haviazimwi, vinasomewa humo humo, kwenye meza iliyo karibu na rafu. Ukimaliza unakiacha mezani, na tangazo limebandikwa kabisa: USIRUDISHE KITABU RAFUNI. Mpanga vitabu anapita na toroli, anakipitisha kwenye mashine, mashine inalia tii, maana yake kimehesabiwa kuwa kimesomwa, ndipo anakirudisha. Mpanga vitabu wa ghorofa ile alikuwa mtu mzima na ndevu zake, waliyempachika jina la Spidi kwa sababu hakuwahi kuharakisha kitu maishani mwake. Spidi akishika kitabu cha Kijapani anakizungusha ili kifunguke kama vitabu vya watu, kisha anakichomeka hivyo hivyo, kichwa chini miguu juu. Mama akamwelekeza. Akamwelekeza tena. Siku moja akawaka: "Vitabu vyangu asiviguse mtu! Nitavirudisha mwenyewe! Na yeyote asinisumbue tena kwa ajili ya vitabu hivi!"

Spidi akanyanyua mikono juu. Kupunguziwa kazi, nani anakataa?

Basi ikawa ndiyo desturi. Mama akitoka kula mchana hupita mezani, na siku nyingine hukuta kitabu chake kimoja kimelala pale. Anasonya. "Watoto wa siku hizi, wanapiga picha na maandishi ya watu wajifanye wasomi." Anakifuta vumbi kwa kiganja, anakisimamisha mahali pake, anaenda zake.

Jumatatu moja bosi akamwita. Bosi alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, na mwenye adabu zake. "Mama yangu, keti. Vitabu vya Kijapani vinahamia ghalani Ijumaa. Wewe utakuwa na mimi huku kwenye magazeti."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Hesabu ya wasomaji ni sifuri, na si ya mwaka huu tu. Wanafunzi wanakaa sakafuni, mimi nina rafu za sifuri. Nitawaambia nini wakubwa?"

Alitoka pale akarudi chumbani kwake. Magazeti hayakumtisha. Aliogopa kwamba lugha ile itamfia mdomoni, na hatatokea hata mtu mmoja wa kumpa pole, maana nani atajua kuwa kuna aliyefiwa?

Hata chakula cha mchana siku hiyo hakikushuka. Akarudi mapema kuanza kupanga maboksi, na mezani akakuta kitabu. Kilikuwa juzuu ya kumi na moja ya hadithi moja ndefu, ya familia ya watengeneza miavuli. Mkono ulikwisha kukinyanyua ndipo akakumbuka kwamba kabla ya hapo aliwahi kurudisha juzuu ya kumi, na kabla yake ya tisa. Akakaa juu ya boksi. Mpiga picha hafuati juzuu kwa mpangilio!

Kumbe alikuwapo msomaji. Na kila alipoacha alama ya kuwapo kwake, Mama alikuja akaifuta kwa mkono wake mwenyewe, akairudisha rafuni bila hata tii moja. "Mchawi wangu ni mimi mwenyewe," akasema kwa sauti, na safari hii hakujali nani anasikia.

Alimkimbilia bosi, akaungama yote. Bosi alicheka, kisha akaona Mama hacheki. "Mlete nimwone," akasema. "Msomaji mmoja wa kweli, mwenye macho na miguu, na mimi nitapata pa kuanzia. Lakini kabla ya Ijumaa."

Jumanne Mama alikaa mezani mchana wote. Hakuja mtu. Jumatano na Alhamisi vilevile. Spidi alipita akamuuliza kama anaatamia mayai. Ijumaa, rafu zikiwa zimebaki mbao tupu na maboksi yamefungwa, akatokea mzee mrefu, kofia mkononi, akasimama mbele ya rafu kama mtu aliyekuta mlango wa jirani umefungwa.

"Shikamoo, mzee wangu. Unatafuta juzuu ya kumi na mbili?"

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje?"

Badala ya kujibu alimsalimia kwa Kijapani. Maneno yalitoka na kutu. Mzee alitoa macho, akajibu kwa Kijapani cha gereji, cha mafundi wa magari waliomlea ujanani kule Japani, kizito na chenye matusi mawili matatu yasiyo na ubaya. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Alichana utepe wa boksi, akatoa juzuu ya mwisho.

Walikaa wakitazamana. Mzee akamweleza, mara lugha hii, mara ile. Mke wake alikuwa akisafishwa damu kwa mashine katika hospitali ya ng'ambo ya barabara, na yeye saa za kungoja alikuwa akija kusoma. Jioni njiani anamsimulia mkewe hadithi ilipofikia. "Mwezi uliopita alifariki, akaniacha," alisema. "Alitaka sana kujua kama yule mdogo wa watengeneza miavuli atarudi nyumbani. Nikasema nimalizie, nijue. Kesho nahamia kwa binti yangu, mbali."

"Pole sana, baba. Pole." Mama alishindwa kuvumilia. "Lakini kwa nini hukuuliza mtu? Miaka yote mimi niko hapo nyuma, ukuta mmoja tu!"

"Niliuliza, mwanangu. Siku za mwanzo kabisa. Yule bwana wa ndevu aliniambia yupo mama anayeijua lugha hii, ila amekataza kusumbuliwa kwa ajili ya vitabu hivi. Nikaona tuheshimiane."

Yalikuwa maneno ya Mama mwenyewe. Alitaka kumwambia, twende kwa bosi ukaonekane. Akaitazama ile kofia mezani, akaona si haki kumsimamisha mtu huyu kuwa msomaji wa kesho wakati kesho hayupo. Akamwacha asome. Mzee alisoma hadi ukurasa wa mwisho, akafunga kitabu, akasema, "Alirudi," akakiacha mezani kama tangazo linavyotaka. Waliagana kwa Kijapani, wakiinamiana mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mkono wa Mama ulikwenda kwenye kitabu kwa mazoea. Akaurudisha. "Spidi! Kuna kitabu mezani."

"Si ulisema vyako tusiguse?"

"Pitisha kwenye mashine."

Tii. Spidi akakizungusha kama kawaida yake, akakitia boksini kichwa chini. Mama alikiona, akakiacha hivyo hivyo.

"Mama Kinyumenyume, leo vipi? Ulisema tusikusumbue."

"Nilisema," akajibu. "Sasa nisumbue, Spidi. Mtu yeyote akiniulizia, wakati wowote, hata nikiwa nakula, njoo unisumbue."

Spidi alidhani ni utani, akacheka sana, akasukuma toroli lake taratibu kuelekea kwenye lifti.