Mlenda Usio na Magadi

Binti wa zahanati ameniambia nipunguze chumvi. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi, akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. "Bibi, moyo wako unafanya kazi kubwa mno. Chumvi uache." Nikamjibu nimesikia, mwanangu. Sikumwambia kwamba maneno hayo niliyasikia hata mama yake hajazaliwa, enzi za Mjerumani, nikayavunja, na mtu nusura afe kwa chungu changu.

Shule sikwenda. Kuandika nilifundishwa na wamisheni nikiwa tayari na wajukuu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Nikipotea njiani mnivumilie, nitarudi.

Tulikaa upande wa Nzuguni. Kulikuwa na miiba na vichuguu, na tembe zetu zikiwa chini chini, mbuzi akiamua anapanda juu ya paa. Reli ilikuwa bado inakuja. Hatukuiona, tuliisikia tu kwa kelele za watu wanaochukuliwa. Mume wangu alikuwa mpagazi tangu ujana, amebeba pembe hadi pwani na kurudi na nguo. Mabega yake yalikuwa na sugu kama kwato. Upagazi ulipopungua akawa mtu wa chumvi. Kila kiangazi alikwenda mbuga ya Bahi na mdogo wake, wanakwangua ule udongo mweupe, wanauchuja kwa maji, wanachemsha. Na mchemshaji chumvi hana kipimo ila ulimi. Anachovya kidole, anaonja, anaongeza kuni, anaonja tena. Siku nzima. Akirudi nyumbani chakula chochote kwake ni maji matupu, anataka mlenda wenye magadi mengi mpaka ulimi ukakamae. Nami nilikuwa namtilia. Nilijiona mke mwema.

Mwaka ninaousema alirudi kutoka Bahi akiwa ameongozwa na mdogo wake kama kipofu. Akipanda kile kilima kidogo cha kwetu anasimama mara tatu. Usiku halali chali, anasema kuna mtu amemkalia kifuani. Miguu ikajaa. Ukibonyeza muundi kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

Watu wakasema mengi. Mama mkwe akachinja kondoo, mafuta yote ya mkia akayayeyusha akamnywesha mwanawe, maana kwetu mgonjwa hapewi heshima kubwa kuliko mkia wa kondoo. Kesho yake alihema vibaya zaidi. Tukaongeza mkia wa pili! Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Ndipo akapita bibi mmoja wa Kirangi, mtu wa Busi kule Kondoa, mchuuzi wa tumbaku na asali, na mganga pia. Jumbe wetu alikuwa akimwamini sana kwa sababu alimtibu mama yake. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi wa upupu. Lugha yetu haijui na sisi ya kwake hatuijui, tukazungumza Kiswahili cha misafara, kila mtu akivunja kwa namna yake.

Nilidhani atatoa dawa. Hakutoa. Alianza kwenye nyayo. Akabonyeza miguu, akatazama kucha, akafunua kope, akamwambia atoe ulimi. Akaweka sikio lake mgongoni, si kifuani, akakaa hivyo mpaka tukachoka kusimama. Halafu maswali. Unalala umeinamia wapi? Mkojo ni mwingi mchana au usiku? Ulikosana na nani? Pombe ya uwele unakunywa kibuyu gani, kile au kile?

Shemeji yangu, huyo mdogo wake mume, akashindwa kujizuia. "Bibi, ndugu yangu anaumwa moyo, wewe unamuuliza mkojo!"

"Wewe umebeba mizigo?"

"Nimebeba."

"Mpagazi akizidiwa anapiga kelele?"

"Anapunguza mwendo tu."

"Basi moyo wa kaka yako ni mpagazi. Amepunguza mwendo. Wewe unataka nimpige fimbo atembee. Mimi natafuta nani anampakia mizigo."

Akaitaja mizigo yenyewe, akitema tumbaku kati ya neno na neno. Chumvi na magadi, hata chembe asiguse. Mafuta ya mkia, basi. Pombe, kibuyu kimoja kidogo jioni. Asiende tena Bahi kwenye moto na moshi. Alale ameegemea, tumuwekee marobota ya majani mgongoni. Kila asubuhi, kabla jua halijauma, atembee mpaka kwenye lile jabali jeupe linaloonekana langoni kwetu na kurudi, polepole, akihema asimame. Na asiletewe ugomvi. Mboga yake niitie ubuyu, ule ukali utamdanganya ulimi.

Nikafanya. Siku za kwanza alikula huku amenuna kama mtoto. Lakini kabla mwezi haujaisha miguu ilikauka, nikaona tena mishipa juu ya wayo, nikalia peke yangu mahali pa kusagia. Jabali akalifikia bila kusimama. Usiku analala.

Sasa nieleze kosa langu, na ili mlielewe lazima mjue tulivyokuwa tunakula. Wanaume wa kaya walikula pamoja nje, karibu na lango la zizi. Kila mke analeta chungu chake, wanaume wote wanachovya humo. Mwanamume anayekula peke yake ndani anaitwa fisi. Kwa hiyo mboga ya mgonjwa wangu ililiwa na baba mkwe, na shemeji, na mgeni yeyote aliyepita. Na kwetu mke akipika mboga isiyo na chumvi, ametangaza kitu. Amemchoka mume. Hana haja ya kufungua kinywa.

Shemeji alianza kwa mzaha, ingawa agizo la bibi alilisikia. Alichovya tonge, akalitazama. "Shemeji, ng'ombe wetu wamekukosea nini? Hii ni mboga au maji ya kuoshea vibuyu?"

Wanaume wakacheka. Siku ya pili akasema, "Kaka, huyu ameshafunga mzigo wake, anangoja mvua tu aende kwao." Mke wa shemeji naye, akipita na chungu chake kinachonukia, ananiuliza kwa upole, "Dada, nikuazime chumvi?" Upole ule! Afadhali angenipiga mchi.

Sifichi. Siku moja nilitia magadi. Kidogo. Hakuna aliyecheka siku hiyo, mume wangu akalamba vidole, nikajisikia mtu. Kesho nikatia zaidi. Sikumwambia yeyote, na ubuyu nikaendelea kutia ili uonekane.

Siku chache tu, akaanza kusimama njiani kwenda jabalini. Nikaona. Nikajiambia ni jua. Wayo ukajaa, mishipa ikapotea. Nikajiambia ni kutembea sana. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Na hapo ndipo ilipokuja amri. Jumbe alipita kaya kwa kaya na kusema reli inataka watu wa kupakia udongo, mwanamume mmoja kila kaya, na kwetu ametajwa mume wangu, maana kwenye daftari la boma bado aliandikwa mpagazi mwenye nguvu. Anayejisingizia ugonjwa ni kiboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, halafu anakwenda vile vile.

Baba mkwe akamwomba jumbe. Jumbe, tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu. Akasema, "Yule bibi wa Busi yuko kwangu. Akisema mbele ya askari kwamba huyu ni mgonjwa wa moyo, nitamfuta. Asiposema, sina la kufanya."

Wakaja asubuhi. Jumbe na daftari la boma, askari mmoja na kiboko chake kwapani, na bibi. Wanaume walikuwa wamekaa langoni. Mume wangu alikuwa kwenye kigoda, mabega yale bado mapana, na askari alipoyaona akatabasamu. "Huyu ndiye mgonjwa? Huyu anabeba injini."

Bibi akapiga magoti, akabonyeza muundi. Shimo likabaki. Akabonyeza juu zaidi, karibu na goti. Shimo. Uso wake ukabadilika, nikaona amekasirika kweli.

"Chumvi ameacha?"

"Ameacha," akasema baba mkwe.

"Mafuta?"

"Tangu siku ile."

"Anatembea? Analala ameegemea?"

"Yote, bibi."

Akanyanyuka akajipangusa mikono. "Basi mimi siujui ugonjwa huu. Moyo niliouona ulikuwa umetuliwa mizigo ukapona. Kama mizigo haikurudi na miguu imejaa, si moyo. Labda amepaka kitu, labda amekunywa kitu. Wapo wanaojivimbisha ili wasichukuliwe. Siwezi kuapa."

Askari akacheka, akatoa kiboko kwapani. Jumbe akatazama chini.  Mume wangu akajaribu kusimama mwenyewe, kwa heshima, asivutwe, na pumzi ikamkatikia katikati ya kusimama.

Nilikuwa nimesimama na chungu cha asubuhi mkononi. Wanawake hawasemi pale. Wallahi, miguu yangu ilikwenda bila mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Mizigo nimeirudisha mimi. Natia magadi."

 

Mume wangu akanitazama. Akauliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyolamba vidole."

Mama mkwe akapiga ukelele, eti mchawi, mchawi yuko ndani ya nyumba. Bibi hakumjali. Alinijia, akachovya kidole kwenye chungu, akaonja, akatema pembeni. "Kwa nini?"

 Ningesema nini mbele ya askari, kwamba nilikuwa naua mtu kwa sababu ya kuchekwa? Nikasema hivyo hivyo. "Walinicheka, bibi. Walisema nimemchoka."

"Nani?"

Sikumtaja. Sikuhitaji, maana shemeji alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, na kila mtu akawa anamtazama yeye.

Bibi akamgeukia jumbe. "Sasa naapa. Ni moyo. Huyu ukimbebesha udongo, siku ya tatu mtamzika kando ya reli." Jumbe akafuta jina. Lakini askari akagonga daftari kwa kiboko. "Mtu mmoja kila kaya. Nirudi na nani?"

Mkwe alikuwa mzee. Akabaki mmoja. Shemeji akasimama, akakung'uta vumbi kwenye nguo yake, akajaribu kucheka. "Andika mimi. Ulimi wangu umenitafutia kazi." Hakuna aliyecheka naye. Mke wake, aliyekuwa akiniazima chumvi, akakaa chini palepale penye kinyesi cha ng'ombe.

Kabla hawajaondoka askari alitaka kula. Ikabidi wanaume wote wakae. Nikakimbia ndani, nikamwaga kile chungu, nikapika kingine haraka, mlenda mtupu na ubuyu, nikakileta langoni nikakiweka katikati. Sikuondoka kama ilivyo desturi. Nilisimama.

Askari akachovya, akakunja uso. "Hii haina chumvi."

 Mkwe akachovya, akameza. Jumbe akameza. Shemeji ndiye aliyekula kuliko wote siku ile, tonge baada ya tonge, bila kuinua macho, mpaka akapangusa chungu kwa kidole. Kisha akanawa, akachukua jembe lake, akatangulia mbele ya askari.