Kishimo cha Upande wa Pili

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimechoka kuliko punda wote wa Kawangware wakiwekwa pamoja. Asubuhi natembea kutoka Kambi Muru, huku Kibera, hadi mjengo wa Kawangware. Mchana kutwa napandisha mawe ambayo, naapa, yalikuwa yakinenepa njiani. Jioni niko kwenye dawati la ngumbaru, jicho moja linasoma, lile lingine limeshalala. Mtu wa namna hiyo Jumamosi angetafuta kitanda. Mimi nilitafuta kaseti.

Katika soko la Toi zilifika pamoja na mitumba, zikamwagwa juu ya gunia kando ya viatu visivyo na wenzao. Hakuna aliyezinunua kwa sababu ya muziki wake. Watu walitaka za kurekodia kwaya na mahubiri. Kaseti iliyotoka kiwandani na muziki wake ina vishimo viwili mgongoni, kimoja cha kila upande. Kikiwa wazi, kitufe cha kurekodi hakishuki. Basi unatafuna karatasi, unaziba, na upande huo umekuwa wako. Kwa karatasi ya kutafuna tu, Kibera tulifuta nusu ya muziki wa Ulaya na Marekani.

Mimi nilisikiliza kwanza, kabla hazijafutwa. Hivyo ndivyo nilivyokutana na mpiga saksafoni mmoja wa jazi ambaye jina lake lilikuwa limebanduka kwenye kaseti. Nilimpeleka mjengoni, kwenye redio ya mwenye ploti. Fundi alivumilia dakika mbili.

"Huyu ana pumu," akasema. "Mwambie apumzike, na wewe ulete simiti."

Kisha nikapata selo, fidla kubwa ambayo mpigaji huibana magotini kama ndoo ya kukamulia. Ilikuwa upande wa pili wa kaseti moja iliyokwaruzika. Mtu mmoja, peke yake, polepole, hata kiti chake unakisikia kikilia. Mgongo wangu uliielewa kabla ya masikio. Nikawa siwezi kulala bila hiyo.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja wa kutoka ziwani, muuza omena, dagaa wa huko. Siku moja akabisha.

"Omera, ndugu yangu, nipe kaseti. Naenda nyumbani Jumatatu. Mamangu ni mgonjwa, na nyimbo zake sijaziweka popote."

Zote nilikuwa nimeshagawia kwaya, ikabaki ile ya selo. Nikatafuna karatasi, nikaziba kishimo cha upande wa kwanza, wenye okestra ambayo sikuipenda. Cha upande wa pili nikakiacha wazi, selo yangu isije ikafutwa. Nikampa na kusema, "Mathe, iko tayari." Hata sikuona haya.

Alirudi baada ya wiki mbili.

"Redio yangu imeniaibisha," akasema. "Upande wa kwanza mamangu ameimba nyimbo za kusaga mtama, anapasha koo tu. Nikageuza ili aimbe wimbo wangu, ule alionitungia nilipozaliwa. Kitufe kikakataa! Nimebonyeza mpaka kidole kikavimba. Akasema basi, nitakuimbia ukija Krismasi."

Nikasema pole. Krismasi mama yake hakuifikia.

Jumapili moja baada ya mazishi nilimkuta mlangoni akichambua omena.

"Hii redio nitaitupa," akasema. "Ilininyima mamangu."

Nimebeba mawe mengi, lakini hilo lilinishinda.

"Si redio, mathe. Ni mimi." Nikamwonyesha kishimo.

Akakigusa kwa kidole. "Ulikuwa unaficha nini huku?"

Nikaiweka kaseti redioni. Selo ikaanza. Alisikiliza mikono yake ikiwa ndani ya karai.

"Huyu anamlilia nani?"

"Sijui."

"Hata hujui! Na ukampa nafasi ya mamangu."

Nikararua ukurasa wa daftari langu, wa hesabu nilizopata zote, nikatafuna, nikaziba. Nikarudisha mkanda mwanzo. Kitufe kilishuka bila shida yoyote.

Akafuta mikono, akauimba yeye mwenyewe ule wimbo wake kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia juzi. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu alikuwa na mstari mmoja tu, akaurudia, akazima. Kisha, bila kurudisha mkanda, akabonyeza kitufe cha kusikiliza. Selo ikaendelea kutoka katikati, pale ilipokatwa.

Nikanyoosha mkono niizime.

"Iache," akasema. "Ubeti wa tatu siujui. Na wewe bado sijakusamehe. Kaa hapo, chambua omena."

Nikakaa, nikachambua. Zilikuwa milioni, naapa, na kila moja ilikuwa na macho.