Koti la Sufu la Bi Ubaldina

Mtaani El Limón, mtu akiambiwa "leo umeamka Ubaldina," ujue amekwepa kulipia bia za wenzake. Bi Ubaldina Cedeño mwenyewe alijua kwamba jina lake linatumika hivyo, wala halikumkera. Alisema walitumie wanavyotaka, maana jina ni kitu pekee cha nyumbani kwake kisichopungua kikitumiwa.

Na kweli alijua kubana. Kipande cha sabuni kikibaki chembamba hakukitupa, alikibandika kikiwa kibichi juu ya sabuni mpya, na kwa hiyo sabuni ya nyumba ile haikuwahi kuisha. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe zikawa mbili. Kahawa ilichujwa alfajiri kwa ajili ya watu wa nyumbani, kisha machicha yaleyale yakachujwa tena saa nne kwa ajili ya wageni. Shati la mwanawe Wistón likichakaa liligeuka foronya, foronya ikawa tambara la vyombo, tambara likashuka likawa la sakafu, na lilipokuwa halifai hata kwa sakafu alilichana kamba za kufungia miche ya nyanya. Nyuma ya nyumba palikuwa na mtumbwi mbovu uliopandishwa juu ya nguzo nne ili kuku wasiufikie. Ulijaa udongo, majivu ya jiko na maganda ya mayai yaliyopondwa, na kila maji yaliyooshea mchele yaliishia humo. Mtumbwi ule ulitoa vitunguu vya majani, pilipili na giligilani mwaka mzima.

"Jirani, niazime kitunguu," aliita Bi Gardenia, wa nyumba ya pili, akiegemea ua.

"Kitunguu hakiazimwi, Gardenia. Utakirudisha kikiwa tumboni?"

"Basi nipe tu, ee mwanamke!"

"Nitakukatia majani. Mzizi unabaki, una kazi."

Lakini kitu alichokilinda kuliko vyote kilikuwa maharage ya mama yake. Yalikuwa meupe, kila punje na doa moja jekundu, na yakichemshwa na ndizi mbichi na karanga za kusaga, harufu ilifika hadi kona ya mtaa. Watu walimwomba mbegu tangu enzi za ujana wake. Hakuwahi kumnyima mtu maharage, kwa hilo tumtendee haki. Aliwapa sahani nzima, ya moto, imejaa. Yaliyochemshwa. Punje mbichi haikuwahi kutoka mlangoni kwake, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulikuwa umekula maharage yale na hapakuwa na mtu mwingine aliyeyapanda.

Mbegu hizo zilikuwa na maficho. Marehemu mumewe, Nectario, aliwahi kwenda Quito mara moja maishani kwa harusi ya ndugu yake. Baridi ya milimani ikamtia kiwewe, akanunua koti la sufu nzito lenye vifungo sita vya pembe, kwa bei ya ndama. Akarudi nalo huku kwetu Manabí, pwani, ambako joto likishika hata mbwa hulala ndani ya dimbwi. Hakulivaa tena hata siku moja. Bi Ubaldina alimnunia mwaka mzima, na hasira ilipoisha akaamua kwamba koti lile litafanya kazi kama viumbe wengine wa nyumba ile. Alishona mifuko ndani ya bitana, juu hadi chini, akaweka majani ya tumbaku ya kufukuza wadudu, na kila mfuko akaupa mbegu yake: mahindi, malenge, nyanya, pilipili, na kwenye mfuko wa upande wa moyo, maharage ya mama. Kisha akalitundika stoo na hakumwambia mtu. Hata Marisela, mke wa Wistón aliyeishi naye wakati Wistón yuko bandarini Manta, alidhani ni koti la kumbukumbu tu.

Siku ya mwisho ya mwaka, mvua ya kwanza ilishuka mchana. Sisi tunaolima huku tunaijua siku hiyo. Udongo unanuka vizuri hadi mtu anatamani kuula, na mwenye mbegu hakai. Bi Ubaldina alikuwa ameshatifua shamba. Alikwenda stoo akiimba, na akatoka bila wimbo.

"Marisela! Koti liko wapi?"

Marisela alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini polepole. "Bwana Eudoro alipita asubuhi, Mama. Anaomba nguo kuukuu za kumvalisha Mzee Mwaka. Kila mwaka tunamfukuza mlangoni. Mwaka huu niliona aibu."

"Ukampa."

"Nikampa. Mama, nani atavaa sufu kwenye joto hili?"

Mzee Mwaka ni lile sanamu la nguo kuukuu na vumbi la mbao tunalolichoma mwaka ukiisha, ili mabaya yote yaondoke nalo. Mzee Mwaka akipewa kitu, kimekwenda. Bi Ubaldina alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Umempa maharage ya mama yangu," alisema. "Yote. Hakuna mengine duniani."

Alipomweleza habari ya mifuko, Marisela alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia Gardenia."

Marisela alimshika mama mkwe mkono wakatoka mbio. Mvua ikinyesha, Bi Ubaldina huvua viatu na kuvibeba kwapani ili matope yasivile. Jioni ile alikimbia navyo miguuni, vile vizuri vya kanisani, katikati ya tope, na watu waliomwona walijua kuna msiba.

Penye karakana ya baiskeli ya Eudoro palikuwa pamejaa. Eudoro ndiye anayemtengeneza Mzee Mwaka wa mtaa kila mwaka, akimfananisha na mtu fulani wa mtaani ili tumcheke, na kusoma wasia wake. Wajane watatu wa Mzee Mwaka walikuwa barabarani, wanaume wenye sharubu waliovaa magauni ya wake zao na nywele za bandia, wakisimamisha pikipiki na kulia kwa sauti ili wapewe chochote cha mazishi. Na kwenye kiti alikaa marehemu mwenyewe. Nywele zake zilikuwa za nyuzi za mgomba. Mkononi alishika nusu ya njiti ya kiberiti. Amevaa koti la sufu, limefungwa vifungo vyote sita.

"Mimi, Ubaldina Mwaka," Eudoro alikuwa anasoma akiwa juu ya kreti, "nikiwa na akili timamu na mfuko uliofungwa, nawagawia watu wa El Limón mali yangu yote. Jirani yangu Gardenia namwachia mzizi wa kitunguu, autazame tu. Wageni wangu wote nawaachia kahawa. Ileile."

Watu walivunjika mbavu. Siku nyingine Bi Ubaldina angecheka pamoja nao, maana Eudoro hakumsingizia neno hata moja. Alipasua umati hadi mbele.

"Eudoro, mvue hilo koti."

Hapo kicheko kikalipuka upya. "Jamani, anamkaba hadi maiti!" alipiga kelele mjane mmoja. "Mama, mwache mume wetu afe na nguo mwilini!"

"Bi Ubaldina," alisema Eudoro kwa upole wa uongo, "nyumba yako imetoa kwa hiari, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Ukimvua sasa atazurura uchi mtaani mwaka mzima. Tena hatusubiri saa sita usiku, mvua ikirudi hashiki moto." Akachukua kibuyu cha mafuta ya taa.

"Usimwage! Mna maharage ya mama yangu humo ndani!"

Alilisema kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Eudoro alishusha kibuyu. Bi Ubaldina akalivamia sanamu, akalivuta koti begani, Marisela akavuta upande wa pili, na bitana ya zamani ikachanika kuanzia kwapani hadi pindoni. Mahindi yakaporomoka, mbegu za malenge zikafuata, na mwisho maharage yakamwagika kwenye barabara yenye maji na kuanza kukimbia kuelekea mtaroni.

Hakuna aliyeamrisha. Watu wote walipiga magoti. Mjane mkubwa alitandaza gauni la mkewe likawa chombo, huku nywele zake za bandia zikielea dimbwini. Mwingine aliziba mtaro kwa mguu. Waliokota hadi giza lilipokaribia, kila mtu na ngumi yake.

Bi Gardenia alifungua kiganja na kukitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ndiyo haya," alisema. "Miaka yote hiyo unaniletea yamechemshwa."

"Ndiyo."

"Na yangeungua leo?"

"Yangekwisha. Hakuna mwingine mwenye nayo."

"Kwa nini hakuna, Ubaldina?"

Wote waliokuwa pale walijua jibu, na Bi Ubaldina alijua kwamba wanalijua. Aliona aibu, aibu ya kweli, akasimama na koti lililochanika mikononi akiwatazama watu wenye magoti ya tope. Kisha akaanza kufikiri kama kawaida yake. Mayai huyaficha sehemu tatu, kwa sababu ya nyoka. Chumvi huiweka kwenye makopo mawili, moja juu, moja chini. Na kitu chake cha thamani kuliko vyote alikuwa amekitia ndani ya koti moja. Huo haukuwa ubahili hata kidogo. Ulikuwa uzembe, na uzembe ndio uliomchukiza kuliko kitu chochote duniani.

"Kila mtu abaki na alichookota," alisema.

Mjane mmoja alijishika kifua. "Amesemaje? Mleteeni maji, anakufa!"

"Msinishangilie. Siwapi, nawawekesha. Mpande kesho kabla udongo haujakauka, na mkivuna kila mmoja ananirudishia kikombe kimoja, mabichi. Atakayechemsha yote nitamjua kwa harufu."

"Na Mzee Mwaka avae nini?" aliuliza Eudoro.

Bi Ubaldina alifungua aproni yake, ile yenye viraka juu ya viraka, akalifunga sanamu kiunoni na kuvuta kitambaa kikakaa sawa. Iliwaka vizuri. Wakirudi nyumbani, Marisela alibeba koti kifuani kama mtoto.

"Ungeniuliza kwanza," alisema Bi Ubaldina.

"Ungenikatalia, Mama."

"Ningekukatalia, kweli."

Walicheka hadi wakasimama njiani. Usiku ule walikunywa kahawa mpya, na asubuhi Marisela alikuwa wa kwanza shambani.

Mtaa ulipata taabu mpya tangu hapo. Bi Ubaldina alipita yadi kwa yadi na fimbo mkononi, akikagua. "Eudoro, hayo maharage yana kiu. Una maji ya kuosha baiskeli, huna maji ya kuyapa haya?" Kwa Bi Gardenia alikuta miche imesongamana, akaketi na kuipunguza mwenyewe huku akinung'unika, na Bi Gardenia akamletea kahawa. Ya kwanza, si ya machicha.

Mwezi wa tatu mto ulifurika. Ulikuja usiku na kuondoka mchana, na ulipoondoka shamba la Bi Ubaldina lilikuwa tope tupu, halina hata jani. Mtumbwi wa vitunguu tu ndio uliobaki juu ya nguzo zake. Alisimama pale na Marisela. Kila punje aliyobaki nayo alikuwa ameipanda.

Siku za mavuno, Bi Gardenia, ambaye yadi yake iko mwinukoni, alikuja na bakuli lililofunikwa kitambaa. Aliliweka mezani.

"Karibu chakula, jirani," alisema.

Bi Ubaldina alifunua. Meupe, kila punje na doa lake jekundu, makavu, yanagongana kwa sauti.

"Mabichi," alisema Bi Gardenia. "Sikukuchemshia."

Bi Ubaldina alitia mkono ndani ya bakuli hadi kwenye kifundo akauacha humo. Alilia, kisha akacheka, kisha akayapima kwa kikombe, na yalipozidi alimrudishia yaliyozidi. Baada ya Gardenia walikuja wengine, mmoja mmoja, na hata mjane mkubwa alileta chake ndani ya kofia.

Desemba ilipofika, Eudoro alipita tena akiomba nguo kuukuu. Alisimama mbali kidogo na mlango, kwa mazoea. Bi Ubaldina aliingia stoo akatoka na koti la sufu, amelikunja vizuri.

"Chukua. Halina kazi tena."

Eudoro aliingiza mkono katika kila mfuko wa bitana, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa mitupu. Akalifunua mbele, akalitazama, akamtazama yeye.

"Bi Ubaldina, vifungo viko wapi?"

"Vya nini? Mzee Mwaka anakwenda motoni, hatasikia baridi."