Sufuri Tatu za Mitundu

Jumatatu nilikuwa ofisi ya kilimo Manyoni nikisubiri muhuri, akaingia mzee kutoka Mitundu na daftari mkononi. Bwana shamba, kijana mdogo tu, alimpa shikamoo, kisha akamgeuzia kompyuta.

"Mzee, kwenu bado pakavu. Gari la mbegu za mtama linaanzia vijiji vilivyopata mvua. Hii inavuta taarifa za hali ya hewa mtandaoni, zinaingia zenyewe. Ona, Mitundu siku tatu, sufuri."

"Huko mtandaoni zinafikaje?"

"Zinatoka kituo cha Mitundu."

"Mwanangu, kituo ni mimi. Kipimo cha mvua kiko uani kwangu, natuma kwa simu kila asubuhi."

Akafungua daftari. Siku tatu hazikuandikwa kitu.

"Tulikuwa msibani. Hakuna aliyeshika jembe, wala mimi sikushika kipimo. Niliporudi nilikikuta kimejaa, sikujua ni mvua ya siku ipi. Nikaacha wazi, nisidanganye."

Bwana shamba akajikuna kichwa. "Ikikuta pako wazi, inaweka sufuri."

"Basi ifute."

Akafuta. Sufuri ikarudi. Akafuta tena, ikarudi tena. Mzee akatazama viatu vyake, vyenye tope hadi kwenye kamba.

Mwishowe kijana akachukua kalamu, akaiandika Mitundu kwa mkono kwenye orodha ya gari.

Sina ugomvi na kompyuta. Ila mle ofisini aliyeweza kukiri kwamba hajui alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeponea chupuchupu kukosa mbegu.